Mlango wa Chumba cha Kuogea: Ufanywe kwa Kitu Gani?

(Maneno ya hotuba kwa wenye nyumba na mafundi seremala wa Sindo)



 Huenda wako watakaoshangaa kwamba mtu ambaye kazi yake ni kufasiri maneno amesimama leo kuzungumza habari za milango. Mimi si seremala. Lakini jambo hili nilijifunza kwa hasara na kwa aibu, na mtu aliyejikwaa aweza kuwaonyesha wenziwe mahali jiwe lilipo.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipojenga nyumba yangu, nilitia katika chumba cha kuogea mlango wa unga wa mbao ulioshinikizwa kwa gundi, ambao mafundi huuita MDF. Ulikuwa mweupe, laini, wenye kung'aa, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya mbao halisi. Mvua za masika za mwaka wa pili zilipokuja, upande wake wa chini ulikuwa umefura kama mkate uliotiwa katika chai. Wakati huo shangazi yangu, mama mzee atembeaye kwa mkongojo, alikuja kututazama. Aliingia kuoga, akafunga komeo; alipomaliza, mlango ukakataa kufunguka. Yeye alivuta, nasi tukasukuma. Mwisho jirani alileta mtaimbo, na shangazi akatoka mbele ya watu akiwa amejifunga leso. Hakunilaumu hata kwa neno moja, lakini siku zilizobaki za ziara yake alioga usiku, nyuma ya nyumba, watu wakisha kulala.

Tangu siku ile nilifahamu kwamba mlango wa chumba cha kuogea si pambo la nyumba. Kazi yake ni kulinda heshima ya mtu. Basi yatupasa kuuchagua kwa akili.

Kwanza tutazame hali ya mahali petu. Sindo iko kando ya Ziwa Viktoria, ambalo upana wake ni zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Mchana, nchi kavu inapopata joto, upepo huvuma kutoka ziwani na kuleta hewa yenye unyevu. Tuna mvua za masika na mvua za vuli. Tena mwaka 1964, na mara nyingine mwaka 2020, ziwa lilipanda mno hata maji yakaingia katika nyumba na mashamba ya ufuoni. Juu ya hayo yote, ndani ya chumba cha kuogea twaongeza mvuke, maji ya kurushwa na sabuni. Mlango unaodumu miaka mingi katika nchi kavu huenda usidumu hapa.

Sasa tuangalie tabia ya mbao. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, wakati wote, hata baada ya mti kukatwa miaka mingi. Inapokunywa hutanuka upande wa mapana. Upande wa urefu haitanuki ila kidogo sana. Ndiyo sababu mlango husugua mwimo wakati wa mvua na kulegea wakati wa kiangazi. Fundi akiupiga randa wakati wa mvua ili uingie, wakati wa jua utabaki na mwanya mkubwa, na mtu aliye ndani ataonekana. Dawa yake si randa peke yake. Mbao zikauke vizuri kabla ya kuungwa, na mlango upakwe rangi ili unyevu usiingie upesi na kutoka upesi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Maji hayapiti sana katika uso wa ubao. Hupita katika ncha zake zilizokatwa kwa msumeno, kwa maana huko ndiko midomo ya mishipa ya mti iliko wazi. Ncha hizo hunywa maji mara nyingi zaidi kuliko uso. Lakini mtazame fundi anapopaka rangi: hupaka mbele, hupaka nyuma, na sehemu ya chini ya mlango, ambayo hakuna mtu aionaye, huiacha bila rangi. Maji hukaa papo hapo, sakafuni. Unyevu wa mbao ukizidi kama asilimia 20 na kukaa hivyo, kuvu huweza kuota na kuozesha. Kwa hiyo kabla ya kutundika mlango wo wote wa mbao, ulazwe, upakwe rangi ya mafuta chini na juu mara mbili au tatu, kisha utundikwe.

Watu wa ziwani hawana haja ya kufundishwa jambo hili na mtu wa ofisini. Fundi wa mashua hujua kwamba maji hutafuta maungio. Ndiyo maana hutia kalafati kati ya ubao na ubao. Naomba akili ile ile itumike katika mlango.

Sasa niwapitishe katika vitu vinavyouzwa, kimoja kimoja.

Mbao ngumu, kama mvule na msaji, zina mafuta na utomvu unaozuia kuoza, na mchwa hawazipendi. Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Unguja, ambako hewa ina unyevu na chumvi, iko milango ya msaji iliyosimama tangu zamani za mababu. Ubaya wake ni bei na uzito. Mbao za msonobari na saipresi ni rahisi kupatikana, nazo zafaa ndani ya nyumba zikikaushwa na kupakwa vizuri. Kwa mbao yo yote, chagueni mlango wa paneli, yaani wenye fremu ya pembeni na mabao ya kati yaliyoingizwa katika mifereji bila gundi. Mabao hayo yaweza kutanuka ndani ya mifereji yake, na mlango mzima usijue.

Milango ya unga wa mbao, na ile myepesi yenye karatasi ndani na ubao mwembamba juu, isitiwe kabisa mahali pa maji. Ikisha kufura hairudi tena. Mbao za tabaka, yaani plaiwudi, ziko za namna mbili: zilizogandishwa kwa gundi ya ndani ya nyumba, na zilizogandishwa kwa gundi isiyoharibiwa na maji. Kwa macho zafanana. Mwombeni mwuzaji kipande kidogo, mkichemshe katika sufuria kwa muda wa saa kadhaa. Tabaka zikiachana, mmejua.

Plastiki ngumu, iitwayo PVC, haiozi, haifuri, wala mchwa hawaili. Ni nyepesi, na bei yake si kubwa. Lakini jua kali la miaka huifanya kukauka na kuvunjika, na iliyo nyembamba haistahimili kishindo. Basi yafaa ndani ya nyumba, si nje.

Alumini haishiki kutu kama chuma, kwa sababu hewa huiwekea utando mwembamba wa kuikinga. Ni nzuri sana ndani, lakini bei yake ni ya juu. Ikiwa na kioo, kiwe kizito na kisichopenyeka kwa macho.

Chuma kitupu, hata kikipakwa rangi, hushika kutu kuanzia chini, mahali rangi inapochubuka. Bati lililopakwa zinki ni afadhali, kwa kuwa zinki huliwa kwanza na kukihifadhi chuma. Bati likipigiliwa juu ya fremu ya mbao iliyotiwa dawa ya mchwa, hufanya mlango wa bei nafuu, nao twauona katika maboma mengi. Wenye chumba cha kuogea cha nje wasione haya kuutumia.

Basi shauri langu kwa ufupi ni hili. Kabla ya kuuliza bei, jiulizeni: mlango huu utapigwa na nini? Ikiwa chumba ki nje, adui ni jua, mvua na mchwa. Tumieni bati juu ya fremu nzuri, au mvule kwa mwenye uwezo. Ikiwa chumba ki ndani, adui ni mvuke na maji ya sakafuni. Tumieni plastiki au alumini, au mlango wa paneli uliopakwa rangi pande zote sita. Ndiyo, sita: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu na chini.

Tena yako mambo matatu ambayo hayana gharama kubwa. La kwanza, mlango usiguse sakafu; acheni nafasi ya sentimita 1 au 2, na dirisha dogo juu, ili hewa ipite na mvuke utoke. La pili, bawaba na skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Mlango mzuri juu ya bawaba mbovu ni kazi bure. La tatu, mlango ufunguke kwa nje, na komeo liwe la namna ya kuweza kufunguliwa kutoka nje wakati wa hatari. Mzee akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake mwenyewe huwazuia wanaokuja kumwokoa.

Shangazi yangu alikuja tena baada ya kuubadili ule mlango. Sasa ni wa saipresi, wa paneli, nao wafunguka kwa nje. Aliutazama, akaushika kwa chini kwa ncha ya mkongojo wake, akaufungua na kuufunga mara tatu mbele yangu. Kisha akaomba maji ya moto ya kuoga, mchana, watu wakiwa wamekaa sebuleni.