Maua ya nyuki, na neno la udongo

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama na wafadhili)



Tangu tulipotoka kambini pembeni ya Goma mwaka 2025, wamama wengi wanauliza swali moja: maboga yanatoa maua mingi, mbona hayazai? Jibu ni hili. Boga liko na ua dume na ua jike, mbalimbali. Unga wa ua dume ni mzito na unanata, upepo hauubebi. Ni nyuki anaupeleka asubuhi, mbele maua hayajafunga. Nyuki akikosa, boga changa linakauka na kuanguka. Na wengi wetu tulikuta mizinga haiko tena, na vichaka vimekatwa makala.

Ndiyo maana tunaomba kila kijiji kipande maua ya kudumu, ya hapa kwetu.

Juu ya nini ya hapa kwetu? Mnajua ule ugonjwa unaopaka majani unga mweupe kama majivu. Ni kuvu. Upepo unautembeza, na haungoji jani liloe ili uote. Unapenda mimea iliyosongamana, kivuli, na mahali hewa haipiti. Maua ya mbegu za kununua, hatujui yatavumilia namna gani milima ya Masisi. Lakini mubirizi na musave tunayaona kila siku.

Hakuna mmea usiougua kabisa. Basi tuchague kwa macho. Mvua zikielekea kwisha, tupite kwenye malupango. Mubirizi wenye majani safi pembeni ya mimea iliyopakaa unga, huo ndio tukate vijiti, kwa sababu kijiti kinafuata mama yake. Tuache hatua mbili kati ya mmoja na mwingine, jua liingie. Na tusiukate kila wiki kwa dawa ya tumbo: ukikatwa juu kila mara, hauchanui. Musave tuuoteshe kwa mbegu.

Ndugu wa Walikale, kwenu msitu ungali karibu. Kazi yenu ya kwanza ni kuacha miti ya maua pembeni ya shamba wakati wa kufyeka.

Sasa neno gumu. Kwetu maharagi ni chakula, lakini mmea wa kudumu ni ushahidi. Ukipanda mti, jirani anasoma: huyu anasema udongo ni wake. Wengi waliorudi wanalima kwa kukodi, na mwenye shamba anawakataza kupanda kitu cha miaka. Hatuwezi kutafuta asali na kuvuna kesi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Tuanzie kwenye masomo, makanisa na vituo vya afya, vikikubali. Kwa shamba la mtu, mwenyewe, mkodishaji na chefu wa kijiji wakae pamoja, waandike kwamba maua hayabadilishi mwenye udongo, na majirani watie sahihi. Pasipo na mapatano, tupande maboga tu, na unga wa ua dume mama aupeleke kwa mkono asubuhi. Inawezekana.

Wafadhili wetu, vijiti ni vya bure. Kinachoomba feza ni mizinga, na siku za kukalisha watu pamoja. Mukija kutembelea, musihesabu miche tu. Muombe pia kuona karatasi ya mapatano.