Mkono unaotetemeka si lazima uwe wa mlevi

Ndugu msikilizaji, fika Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, wakati mitumbwi inapoingia. Mvuvi anarusha kamba, na kijana aliye nchi kavu anaidaka huku akibishana na wachuuzi. Ukimuuliza amewezaje, atakucheka. Kudaka kamba nako kuna elimu?

Ipo, tena kubwa. Kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, kuna ubongo mdogo, ambao wataalamu huuita serebela. Ni kama sehemu 1 ya 10 ya ubongo wote. Kazi yake si kuupa mkono nguvu, bali kipimo. Mkono unaponyooka, misuli inayounyoosha huanza, kisha ile inayoukunja hushika breki. Breki ikichelewa, mkono hupitiliza; ikiwahi, haufiki. Ubongo mdogo ndio unaopanga wakati wa breki hiyo, na unapokosea hujisahihisha. Ndiyo maana anayejifunza kazi hukosa mara nyingi leo, na mwakani hudaka bila kuwaza.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, daktari Gordon Holmes aliwachunguza askari waliopigwa risasi kisogoni. Mikono yao haikupooza. Lakini walipotaka kugusa kitu, ilipitiliza, na ilizidi kutetemeka kila ilipokikaribia. Aliyeumia ubongo mdogo upande wa kulia, mkono uliomsumbua ulikuwa huo huo wa kulia.

Sasa turudi mtaani kwetu. Pombe nayo huuvuruga ubongo mdogo, ndiyo sababu mlevi huyumba na kumwaga kikombe. Hapo ndipo tunapokosea. Tukimwona mtu anayumba, tunasema kalewa. Asiponuka pombe, tunasema karogwa. Kumbe huenda ni kiharusi, uvimbe, au pigo la kichwa alipoanguka na pikipiki.

Daktari humwambia mgonjwa aguse pua yake, kisha kidole cha daktari, arudie tena na tena. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme. Kinachohitajika ni mgonjwa afikishwe mapema.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, jirani yako akianza ghafla kukikosa kikombe kilicho mbele yake, usimcheke wala usisubiri kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kama ni kiharusi, muda anaoupoteza akichekwa barazani haurudi.

Hadi juma lijalo, kwaheri.