Waya Mwembamba na Nondo Kavu



Sisi wa Kamati ya Mitambo tumepewa nafasi ya kusema machache katika sherehe hii ya miaka 10 ya Chama Kikuu chetu. Wenzetu wamekwisha kusifu mavuno na hesabu. Sisi tumeonelea tuseme juu ya waya, maana vyama vyetu vingi sasa vinamenya kahawa kwa umeme, na umeme hauonekani wala haubishi hodi.

Mwaka jana chama kimoja miongoni mwetu kilinunua mota mpya. Waya wa kuipelekea umeme, mita 100 toka swichi kubwa, ulichaguliwa kwa urahisi wa bei: milimita za mraba 2.5. Mota ikavuta ampea 20, ikawa yanguruma pasipo nguvu, na kabla ya msimu kwisha ikaungua. Wanachama wakanung’unika kwamba wameuziwa mota mbovu. Tulipopima tukaona mota haina hatia.

Na tuifanye hesabu pamoja. Waya wa shaba wa ukubwa ule una ukinzani wa omu 7.4 hivi kwa kila kilomita. Umeme huenda na kurudi, basi mita 100 ni mita 200 za waya, yaani omu 1.5 hivi. Zidisha kwa ampea 20: volti 30 zapotea njiani. Zilizotoka 230 zafika 200, na nguvu ya mota ya kuzungusha mzigo hupungua kwa karibu robo. Hapo mota huvuta ampea zaidi, hupata moto, huungua. Waya wa milimita za mraba 10 ungalipoteza volti 7 na kitu tu. Kanuni ifuatwayo na mafundi wengi ni kwamba upotevu usizidi 5 kwa mia, yaani volti 11.5.

Jambo la pili lahusu uhai. Msimu huo huo kijana wetu mmoja alishika mashine kwa mikono iliyolowa, umeme ukamrusha. Twamshukuru Mungu, yu hai, naye yumo humu leo. Waya wa ardhi ulikuwapo, umefungwa kwenye nondo iliyochomekwa katika udongo mkavu, nasi sote tulidhani yatosha. Haikutosha. Nondo ikiwa na ukinzani wa omu 100, umeme unaovuja kwenda ardhini hauzidi ampea 2.3, na fyuzi ya ampea 30 haina habari. Mashine hubaki na umeme, ikimngojea mtu.

Basi yatupasa haya: waya wa ardhi usikatike toka kila mashine hadi swichi kubwa, na pale iwekwe swichi ya kukata umeme mara uvujapo kufikia miliampea 30. Nondo ipigwe hadi penye unyevu. Moja isipotosha ziongezwe, ziachane. Kisha zipimwe kila kiangazi, maana masika huficha aibu ya nondo.

Bwana Mwenyekiti, twajua waya mnene ni ghali, na kila senti ni jasho la mkulima. Hata hivyo twaomba sehemu ya ziada ya mwaka huu itengwe kwa kazi hii kabla ya kugawanywa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mota twaweza kununua nyingine. Kijana yule tungalimpoteza, hakuna mnada ambao ungalimrudisha.