Mitindo ya Muziki, na Sahani Moja Niliyoivunja

(Maneno niliyoyasema bwaloni siku ya mkutano wetu wa mwaka. Mhariri ameniomba niyaandike kama yalivyotoka kinywani. Nimepunguza vicheko tu.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazee wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaokalia leo madawati tuliyoyachorachora sisi:

Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya muziki wa vijana. Sababu yake mnaijua. Wanafunzi wamekiomba chama chetu kiwanunulie kompyuta moja na maikrofoni mbili za kurekodia nyimbo zao, na katika kamati kukatokea maneno. Mzee mwenzetu mmoja alisema tusitoe hata senti kwa ajili ya makelele ya singeli, afadhali tununue tarumbeta za bendi ya shule. Sikumjibu siku ile. Nilitaka kwanza nijikumbushe mambo, kwani mimi nina deni la zamani katika shauri hili, nalo nitalitaja mbele yenu kabla sijakaa.

Tuanze mbali, Marekani, maana huko ndiko ulikotoka muziki uitwao rock. Watu weusi wa jimbo la Mississippi walikuwa na nyimbo zao za huzuni, yaani blues, walizozipiga kwa gitaa kavu baada ya kazi za mashamba ya pamba. Wengi wakahamia miji ya kaskazini kutafuta kazi za viwandani. Mmoja wao, Muddy Waters, alihamia Chicago mwaka 1943. Katika vilabu vya Chicago watu walikunywa na kupiga soga kwa sauti, gitaa kavu halisikiki. Basi akashika gitaa la umeme. Si kwamba alikaa chini akabuni mtindo. Alitaka asikike. Nawaomba vijana mlishike hilo, kwa sababu mitindo mingi nitakayoitaja imezaliwa vivyo hivyo: mtu ana shida ndogo ya kazi, anaitafutia dawa kwa kile kilichomo mkononi, na ile dawa inageuka kuwa sauti mpya.

Hata ule mlio wa gitaa linalokoroma, ambao wapigaji wa baadaye walinunua vifaa vya bei kubwa ili waupate, unasimuliwa hivyo. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilikuwa safarini kwenda Memphis kurekodi, amplifaya yao ikaharibika njiani. Mwenye studio, Sam Phillips, inasemekana alijaza karatasi ndani ya spika iliyopasuka, wakarekodi hivyo hivyo. Wimbo wenyewe, Rocket 88, wako wanaouita wimbo wa kwanza wa rock and roll. Wengine hubisha, na mimi nimo katika wabishi. Mwanamke mmoja wa kanisani, Sister Rosetta Tharpe, alikuwa akilitetemesha gitaa la umeme miaka ya arobaini, huku waumini wengine wakimnung'unikia kwamba anampeleka Mungu katika vilabu vya usiku.

Katika studio hiyo hiyo ya Memphis, mwaka 1954, kijana wa Kizungu aliyekuwa akiendesha lori, Elvis Presley, alirekodi wimbo ambao Arthur Crudup, mtu mweusi, alikuwa ameurekodi mwaka 1946. Hapo rock ikaanza kuingiza fedha. Crudup alifariki mwaka 1974 akiwa bado anadai mrabaha wake. Huko Uingereza nako vijana walizinunua sahani za Wamarekani weusi, wakazisoma kama tulivyosoma sisi vitabu vya mtihani, na mwaka 1964 Beatles wakavuka bahari kuwauzia Wamarekani muziki wao wenyewe. Habari za Beatles mnazijua. Wala sitakaa sana kwa Freddie Mercury wa Queen, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946, ingawa namwona ndugu yetu wa Kizanzibari pale mbele ananikazia macho.

Mimi nataka kufika kwa James Brown. Mwaka 1954 Ray Charles alikwisha kuchukua namna ya kuimba ya kanisani akaitia maneno ya mapenzi, na huo ndio uliokuja kuitwa soul. James Brown akaenda mbele zaidi: aliigeuza bendi nzima kuwa ngoma. Sisi tuliokulia karibu na ngoma tunalielewa hili upesi. Gitaa, tarumbeta, hata koo lake mwenyewe, kila kimoja kilipiga pigo lake dogo, na vyote vikakutana penye pigo la kwanza. Katika wimbo wake Cold Sweat wa mwaka 1967 anafika mahali anawanyamazisha wenzake na kumwachia mpiga dramu, Clyde Stubblefield, apige peke yake. Mahali hapo ndipo panaponihusu.

Sasa tuje nyumbani. Wakati huo redio yetu ilitupa rumba ya Kongo, Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe wake, Western Jazz na Saboso, NUTA na Msondo. Bendi ya shule iliwaiga hao, nami nilikuwa mpiga gitaa, si hodari. Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana ya kupinga sketi fupi na suruali za kubana, na mwezi Novemba mwaka ule ule muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Tusiwacheke waliofanya hivyo. Nchi ilikuwa na miaka minane tu tangu Uhuru, na wengi wetu tuliona haya kwa vitu vyetu kuliko vya wageni.

Muhula wa kwanza wa mwaka 1970 mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizo na sahani ya Cold Sweat, aliyopewa na kaka yake mfanyakazi wa bandarini. Alikuwa pia na santuri ya betri. Jumamosi jioni bweni zima lilimzunguka, wakicheza katikati ya vitanda. Naam, agizo la Dar es Salaam halikuitaja shule yetu, wala hakuna mwalimu aliyenituma. Lakini nilikuwa kiranja wa bweni, na ukweli ni kwamba wavulana walikuwa wameacha kuja kutusikiliza tukifanya mazoezi ya bendi. Niliingia, nikainua sindano, nikaitoa ile sahani na kuikunja juu ya goti mpaka ikakatika. Kisha nikatoa hotuba ndefu ya utamaduni. Yeye hakusema neno. Aliviokota vipande viwili akavitia katika sanduku lake la bati. Tulimaliza shule mwaka ule bila kusemezana.

Sikujua nimevunja nini. Tarehe 20 Novemba 1969, mwezi ule ule wa marufuku, Stubblefield aliingia studio katika mji wa Cincinnati akarekodi na James Brown wimbo uitwao Funky Drummer, na humo tena akaachiwa mahali pa kupiga dramu peke yake, sekunde chache tu. Miaka minne baadaye, Agosti 1973, kijana mhamiaji kutoka Jamaica, Kool Herc, alikuwa akipiga sahani katika karamu ya dada yake mtaa wa Bronx, New York. Alikwisha kugundua kwamba wachezaji huvisubiri vipande vya dramu tupu, na vikifika haviwatoshi. Akawa anaweka sahani mbili za wimbo mmoja juu ya mashine mbili: kipande kikiisha huku, anakirudia kule. Hapo ndipo ilipozaliwa hip hop. Mashine za kunakili sauti zilipofika, zile sekunde chache za Stubblefield zikaingia katika nyimbo zaidi ya elfu moja. Yeye hakuandikwa kuwa mtunzi, mrabaha ukampita, na mwaka 2017 akafariki.

Hip hop ilitufikia kwa kaseti mwishoni mwa miaka ya themanini. Mwaka 1991 Saleh Jabir alitia Kiswahili juu ya mapigo ya Kimarekani, nasi watu wazima tukacheka. Nakumbuka nilicheka sana. Watoto wa wakati ule ndio waliojenga Bongo Flava, ambayo leo inapigwa Nairobi na Kinshasa.

Na singeli je? Vijana wa Manzese na Tandale hawakuwa na bendi, wala gitaa, wala ukumbi. Walikuwa na kompyuta chakavu na kanda za taarabu za mama zao. Wakakata kipande cha ala tupu, wakakirudiarudia, wakakikimbiza mpaka mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na juu yake mtu anaghani. Kazi ya mikono ni ile ile ya Kool Herc, ila hawa hawakwenda kuchukua sahani ya Marekani. Mzee mwenzangu wa kamati, wewe ni mpenzi wa taarabu, nakujua tangu kidato cha kwanza. Ndani ya makelele yale mna taarabu yako.

Sisemi kwamba naipenda. Masikio yangu yamechoka, mwendo wake unanipa kizunguzungu, na baadhi ya maneno yake siwezi kuyarudia mbele ya Mwalimu Mkuu. Vijana, katika hayo mtusikilize kidogo. Lakini tarumbeta hawakuziomba. Waliomba kompyuta, na aliye bwaloni humu ambaye alikwisha kuvunja kitu cha kijana kwa sababu hakukielewa ni mimi.

Mwenzangu yule amekuja leo. Amekaa mstari wa tatu, karibu na dirisha. Asubuhi nimempa Cold Sweat nyingine niliyoitafuta kwa muda wa miaka miwili. Si ile ya kaka yake, na kaka yake mwenyewe tumekwisha kumzika. Aliigeuza huku na huku, akaniuliza kama nimeleta na santuri ya kuipigia. Sikuleta. Mwalimu Mkuu akakumbuka kwamba ghalani kuna mashine moja ya zamani, haijulikani kama inazunguka, na vijana wawili wa kidato cha tatu wameichukua tangu saa nne pamoja na bisibisi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba shauri la kompyuta lipigiwe kura hapa hapa kabla ya chakula. Mimi nimeweka shilingi laki mbili katika bahasha hii. Samahani, nitakaa sasa. Naona wale vijana wawili wanaingia, na mmoja wao anatafuta mahali pa kuchomeka waya.