MNUNUZI WA ARDHI NA HAKI YA ASIYEKUWAPO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mmiliki wa mbingu na ardhi. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, Mwaminifu, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani na vyuoni, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada na katika biashara.

Itazameni Kariakoo. Nyumba za Kiswahili zilizojengwa na wazee wetu, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, zimebomolewa moja baada ya moja, na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka. Kiwanja kilichokuwa makazi ya ukoo sasa kina thamani kubwa, na thamani kubwa huamsha tamaa. Mzee amefariki, ameacha mjane, watoto wakubwa na wadogo. Hati imo kabatini kwa kijana mkubwa. Mnunuzi anakuja na fedha, anaonyeshwa hati, anaambiwa, "Mimi ndiye mwenye nyumba." Je, yatosha hayo?

La, hayatoshi. Hati yaweza kuwa ya kweli, na anayeishika asiwe mwenyewe. Lenye kueleza nani mmiliki leo ni daftari la Msajili wa Hati, na humo pia huandikwa rehani ya benki na zuio la mwenye madai. Basi chukua namba ya hati, ya kiwanja na ya kitalu, uende ofisi ya Msajili, uombe upekuzi, ulipe ada, ungoje jibu la maandishi. Jina likiwa la marehemu, mtake muuzaji barua ya mahakama iliyomteua kuwa msimamizi wa mirathi, kisha nenda mahakama hiyo ukaihakikishe. Waulize warithi wote, hasa wanawake. Mjane wa aliyeacha watoto ana thumuni yake, na binti ana fungu lake. Hakuna kaka awezaye kuyafuta. Hata mwenye nyumba akiwa hai, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mume au mke mwenziwe. Maneno ya dalali na barua ya serikali ya mtaa ni msaada tu, hayashiki mahali pa daftari.

Huenda mtu akasema, "Kuuliza hivyo ni kumdhania vibaya Muislamu mwenzangu." Ndugu yangu, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, imewaamrisha waumini waandike madeni yao na washuhudishe wanapouziana. Walioamrishwa ni waumini wenyewe, watu wanaoaminiana. Maandishi huulinda udugu usivunjike.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu katika pwani hii, wameshika kauli kuwa mauzo ya mtu asiye mmiliki, wala wakili, wala msimamizi, ni batili. Basi anayelipa pasipo kuuliza huenda akapoteza akiba ya miaka mingi, na mjane naye akatolewa vyombo vyake barabarani. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya kuwa mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Kiwanja cha Kariakoo kina shibiri ngapi?

Enyi vijana mnaosoma, wasomeeni wazazi wenu karatasi kabla hawajatia sahihi. Enyi wenye fedha, msiharakishwe na anayesema kuwa mnunuzi mwingine yuko njiani. Na enyi warithi, gawaneni mirathi mapema, majina yenu yaingizwe daftarini mngali mnapendana.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, utuepushe na haramu, na uwahifadhie mayatima na wajane haki zao. Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi. Amin.