Maabara ya Insia za Kidijiti na Amana za Nyanda za Juu Kusini



Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246 kiliilazimu Ujerumani kulikabidhi, katika muda wa miezi sita, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Uhehe, lililochukuliwa na Wajerumani. Na miezi hiyo ikageuka miaka 35, hata Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolifuata katika makumbusho ya Bremen, likarejeshwa Kalenga mwaka 1954. Aghalabu kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya siasa yake, nayo yastahili kusimuliwa; lakini nimekileta mbele yenu kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba fuvu lile lilitafutwa miongoni mwa mafuvu mengi, na ikabidi kutegemea vipimo ili kulitambua. Walioyakusanya walihifadhi mifupa, wasihifadhi habari za watu.

Nayasema haya kwa kuwa maabara ya insia za kidijiti, ambayo shughuli yake ni kunasa sauti, kupiga picha hati kongwe na kuyafanya maandishi yatafutike kwa kompyuta, yaweza kuirudia dhambi ile ile kwa ufundi ulio bora zaidi. Kinasa sauti kikipelekwa Rungwe kwa masimulizi ya Kinyakyusa, kisha faili likarudi chuoni pasipo jina la msimulizi, kijiji chake, tarehe, wala idhini aliyoitoa na mipaka yake, tumemnyang'anya mtu sauti yake, ilhali twajiita watafiti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kutufunga katika jambo hili. Lakini hata pasipo sheria, adabu ingetosha.

Tunao mfano mwema. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi nyimbo na ala za wenyeji, alikuwa na desturi ya kuandika jina la mpigaji, lugha, mahali na ala, na hata namna nyuzi zilivyolinganishwa. Na kwa maelezo hayo, mlio wa ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, uliohifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, waweza kuwarudia wajukuu wa aliyelipiga.

Iliyo nzito kupita zote, hata hivyo, ni kazi ya unukuzi. Kiswahili kina irabu tano, Kinyakyusa kina saba. Kihehe kina toni, Kiswahili hakina. Programu iliyofunzwa kwa Kiswahili ikiachiwa kuyaandika masimulizi ya Kinyakyusa ya Tukuyu, itazikunja irabu saba ziwe tano, na maneno mawili yaliyokuwa mbalimbali yatakuwa moja, wala mashine haitajua kwamba imekosa. Atakayejua ni mzungumzaji mwenyewe, akikaa mezani na vipokea sauti masikioni, akilipwa ujira wa mtaalamu, kwa maana ndiye mtaalamu.

Basi nauomba uongozi wa chuo chetu, kabla ya kuagiza mitambo mingine, uajiri wanukuzi kutoka Rungwe, Umalila na Kalenga. Na kila rekodi itakaponaswa, nakala ya kwanza ikabidhiwe familia ya msimulizi, na nyingine, iwapo familia imeridhia, iwekwe Boma la Iringa, lililo makumbusho ya umma tangu mwaka 2016, na mahali panapolingana nalo huko Mbeya.