Fedha Yetu Inapotelea Wapi Kati ya Msingi na Bati

Mada iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Nimeombwa nizungumzie ujenzi kwa kuwa ukadiriaji wa majenzi ndiyo kazi yangu. Nitasema jambo linaloweza kutuudhi, mimi nikiwemo. Tukiona boma la darasa limefika lenta likasimama miaka mitatu, majani yameota ndani, neno la kwanza midomoni mwetu ni kwamba kamati imekula. Pengine imekula. Lakini katika miradi niliyoikagua mimi, fedha nyingi zaidi zilipotea bila mtu yeyote kuiba.

Waliolichunguza sana jambo hili ni Wajapani, hao hao waliotusaidia kupata lami ya Makuyuni hadi lango la Ngorongoro. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Toyota haikuwa na mtaji wa kushindana na Wamarekani. Mhandisi wake Taiichi Ohno akaanza kuhesabu kuwa hasara kila kitu ambacho mnunuzi hakilipii: kusubiri, kubeba vitu huku na huko, kurundika mali stoo, kurudia kazi iliyoharibika. Mwaka 1992 Mfini mmoja, Lauri Koskela, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika ripoti ya kuuhamishia utaratibu huo kwenye ujenzi. Kisha Glenn Ballard na wenzake wakaenda saiti huko Marekani wakalinganisha kazi zilizopangwa kwa wiki na zilizokamilika. Zilikamilika zaidi kidogo ya nusu. Na hao wana winchi na kompyuta!

Hapa jirani Uganda, Henry Alinaitwe wa Chuo Kikuu cha Makerere alichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu vikwazo vya kufuata utaratibu huu. Aliorodhesha 31. Chenye uzito kuliko vyote kilikuwa vifaa kutofika wakati hasa vinapohitajika. Kilicho rahisi kukiondoa kilikuwa kuweka vitu mahali pake. Hilo la pili si geni kwetu. Mmeona maneno yale kwenye kuta za hospitali: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni mafunzo hayo hayo ya Kijapani, na hospitali zetu zilianza nayo mwaka 2007 kule Mbeya. Stoo ya dawa ikapangwa. Stoo ya saruji ya shule bado.

Sasa turudi Rhotia. Sisi huchanga Desemba, watu wakiwa nyumbani kwa Krismasi. Kamati, kwa hofu ya kuulizwa fedha ziko wapi, hununua saruji yote kwa mkupuo ili ionekane. Fundi bado anachimba msingi, na saruji ya plasta imeshafika! Inalazwa sakafuni, masika yanaingia, unyevu unapanda. Kwenye mradi mmoja tulikuta mifuko 60 imekuwa mawe. Wakati huo huo mchanga haupo, kwa sababu hakuna aliyeuleta barabara ikiwa kavu, na mnajua udongo wetu mwekundu ukinyeshewa lori halipandi. Fundi ana watoto wa kulisha, anaondoka kutafuta kazi kwingine. Julai tunaitisha msaragambo, watu wako kwenye mahindi. Anakuja fundi mwingine, anapima kwa timazi, anasema ukuta huu umelala, unabomolewa. Hapo hakuna mwizi hata mmoja.

Na sisi wa mjini tunachangia hasara hii. Anayeahidi laki tano akazileta mwaka unaofuata anadhani amelipa deni. Laki tano zile zilikuwa bati. Kwa kukosekana kwake kuta zimenyeshewa misimu miwili.

Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, Serikali iliamua kujenga madarasa 15,000 ndani ya miezi michache: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, kila moja milioni 20. Yalikuwa na matatizo yake, sikatai. Lakini ramani ilikuwa moja na fedha ya darasa ilifika ikiwa kamili. Sisi hatuna fedha kamili siku moja. Tunachoweza ni kujua itafika lini.

Kwa madarasa mawili ya mwaka huu, kamati imekubali kujaribu. Kila Jumatatu fundi mkuu, mtunza stoo, mweka hazina na mwenyekiti wa kijiji watakaa nusu saa. Kazi ambayo vifaa, watu na fedha yake havijawa tayari haipangwi wiki hiyo. Jumamosi wanaandika ubaoni, mbele ya watu wote, nini hakikuisha na kwa nini. Sababu ikijirudia mara tatu, italetwa kwenu. Mchanga na kokoto, ambavyo haviozi, vitaletwa Januari na Februari. Saruji italetwa kadiri inavyotumika.

Mzee mmoja ameniuliza: ukinunua kidogo kidogo, bei si itapanda? Ameuliza vizuri. Tutalipia yote kwa muuzaji wa Karatu kwa bei ya jumla, tupewe risiti, ibaki ghalani kwake tuichukue kwa awamu. Nauli itaongezeka kidogo. Nimeipiga hesabu, bado ni ndogo kuliko mifuko 60 iliyoganda.

Kadi ya ahadi mliyopewa mlangoni ina mstari mpya: mwezi. Mwenye elfu hamsini ya Februari aandike Februari. Mwenye laki mbili za Septemba, akishauza mbaazi, aandike Septemba. Hizo tutazipangia paa, wala asione haya. Ila mwenye Septemba asiandike Februari kwa sababu jirani yake anachungulia. Msingi unaanza kuchimbwa Januari, na fundi ataitwa kwa hesabu ya kadi hizo.